Titani ya Liganga na Nati za Makambako

Kila msimu wa bajeti unapowadia, jina la Liganga hurejea katika vinywa vya viongozi wetu kama jina la marehemu tajiri ambaye mirathi yake haijagawanywa. Tunakumbushwa kuwa katika vilima vile vya Ludewa, mkoani Njombe, kuna tani milioni 126 za mashapo ya chuma, na kwamba ndani ya chuma hicho mna vanadi na titani. Neno titani linapotamkwa, sauti hupanda kidogo. Titani ni madini ya ndege. Mwenye nayo, tunaaminishwa, amekwisha kuweka mguu mmoja ndani ya kiwanda cha anga.

Mimi si mpinzani wa Liganga. Tangu Septemba 2011, Shirika la Maendeleo la Taifa lilipotia saini mkataba na kampuni ya Sichuan Hongda ya China, wananchi wa Ludewa wamengoja vya kutosha, na haki yao ya kuona mradi ukianza au ukifutwa iko wazi. Ninachopinga ni ile hesabu ya tani. Nafundisha sera za umma, si uhandisi, lakini kwa muda sasa nimekuwa nikisoma juu ya kitu kimoja kidogo ambacho, kwa maoni yangu, kinaieleza Liganga vizuri kuliko hotuba nyingi: ukoko mwembamba wa kilainishi unaopakwa juu ya bolti na nati za ndege.

Tuanze na bolti yenyewe. Wengi wetu tunadhani bolti hushikilia vitu kwa sababu mtu ameikaza kwa nguvu. Sivyo hasa. Bolti ni springi. Unapoizungusha nati, unaivuta bolti irefuke kwa kiasi kidogo mno, nayo kwa kutaka kurudi katika urefu wake wa asili, hubana vipande viwili pamoja. Kinachotakiwa ni mvutano huo wa ndani, lakini hakuna fundi anayeuona kwa macho. Anachokihisi mkononi ni ugumu wa spana, na ugumu huo, kwa sehemu kubwa, ni msuguano mtupu. Katika bolti ya kawaida isiyolainishwa, takriban nusu ya nguvu ya kuzungusha huliwa na msuguano wa uso wa nati, na kama asilimia 40 huliwa ndani ya hesi, yaani ile mikato ya kuzunguka ambayo mafundi wetu huiita thredi. Kinachobaki kwa ajili ya kuivuta bolti ni kama asilimia 10 tu ya jasho la fundi.

Msomaji mwepesi wa hesabu ameshaona hatari iko wapi. Ukiugusa ule msuguano kidogo tu, unakigusa sana kile kilichobaki. Chukua bolti mbili za sanduku moja. Moja ni kavu na ina vumbi, nyingine imepakwa oili. Zikaze kwa spana ileile, kwa kipimo kilekile. Ile yenye oili inaweza kuvutwa kwa nguvu inayokaribia mara mbili ya mwenzake. Fundi ameandika namba moja katika daftari, kumbe amefanya kazi mbili tofauti. Bolti moja italegea njiani, nyingine inaweza kukatika.

Ndiyo maana wajenzi wa ndege hawaachi jambo hili kwa bahati. Ndege ya Boeing 747 ina vipande kama milioni sita, na nusu yake ni vifungio: bolti, nati, ribiti na jamaa zao. Vile vyenye hesi hutoka kiwandani vikiwa vimeshapakwa ukoko unaojulikana, wa unene unaojulikana, wenye msuguano uliopimwa. Kwa miongo mingi chuma kilipakwa kadimi, ambayo huzuia kutu na kuteleza kwa namna inayotabirika. Lakini kadimi ni sumu kwa mfanyakazi anayeipaka na kwa maji yanayopita karibu na kiwanda, na sasa inasukumwa nje hatua kwa hatua. Kuna molibdeni disulfaidi, unga wa kijivu cheusi ambao tabaka zake huteleza moja juu ya nyingine kama karata mkononi mwa mchezaji. Huchanganywa na gundi, hupakwa, kisha huokwa katika tanuri mpaka ukauke kabisa. Na kuna alkoholi ya setili, aina ya nta laini ambayo, ukisoma kopo la losheni unayojipaka baada ya kuoga katika baridi ya Njombe, huenda ukaikuta imeandikwa humo. Nta hiyohiyo hupakwa kwenye nati za ndege. Nimeitaja kwa makusudi, maana si kila siri ya viwanda vya anga ni kitu cha ajabu.

Ukoko wa aina ile ya kuokwa una unene wa kati ya maikromita 5 na 13 hivi. Unywele wa mtu una kama 70. Hata hivyo, mchonga hesi hana budi kuuachia nafasi yake, ama sivyo nati haitaingia.

Sasa titani. Madini haya ni mepesi, yana nguvu, na hayashiki kutu kirahisi. Lakini yana tabia moja isiyotajwa majukwaani. Titani ikisuguana na titani hung'ang'aniana. Nyuso mbili huchubuana, vipande hung'oka upande mmoja na kujishika upande wa pili, na nati hugoma katikati ya safari. Haiendi mbele wala hairudi nyuma. Fundi akilazimisha, anaharibu vyote viwili. Kwa maneno mengine, bolti ya titani bila kilainishi chake ni bidhaa yenye ila. Kinachoifanya iwe bolti ya ndege ni elimu iliyowekwa juu yake baada ya kuchongwa, na elimu hiyo haichimbwi Ludewa wala mahali pengine popote.

Wenzetu wenye elimu hiyo nao wameumbuka walipoidharau. Chombo cha anga cha Galileo kilirushwa na Marekani mwezi Oktoba 1989 kwenda kuichunguza sayari ya Mshtarii. Kilikuwa na antena kubwa iliyokunjwa kama mwavuli, yenye mbavu 18. Tarehe 11 Aprili 1991 wahandisi waliiamuru ifunguke. Haikufunguka. Mbavu kadhaa zilibaki zimenasa kwenye nguzo ya kati. Uchunguzi ulielekeza kidole kwenye pini ndogo za kushikilia mbavu hizo, ambazo zilikuwa zimepakwa kilainishi kikavu. Maelezo yaliyokubalika zaidi ni kwamba ukoko ule ulisuguliwa ukaisha wakati chombo kikisafirishwa kwa lori kati ya California na Florida. Kilipelekwa Florida, kikarudishwa baada ya maafa ya Challenger ya Januari 1986, kisha kikapelekwa tena, na ukoko haukupakwa upya. Antena iliyotarajiwa kutuma biti 134,000 kwa sekunde ikawa haina kazi, na safari nzima ikategemea antena ndogo ambayo, hata baada ya kuboreshwa sana, ilituma kama 160. Mitikisiko ya barabara ya lami ya Marekani! Anayezijua barabara zetu zinazoshuka kutoka Ludewa atatabasamu hapo.

Galileo ilipoteza picha tu. Kisa kinachonisumbua zaidi ni kingine, nami nawaomba watumishi wa umma mnaosoma ukurasa huu mkisome polepole, kwa sababu kiliandaliwa mezani, kwa karatasi halali zenye saini halali.

Tarehe 31 Januari 2000, ndege ya Alaska Airlines, safari namba 261, aina ya MD-83, ilianguka katika Bahari ya Pasifiki karibu na pwani ya California. Wote 88 waliokuwemo walikufa. Katika mkia wa ndege ile kuna kibawa kinachoisawazisha, na kibawa hicho huinuliwa na kushushwa na parafujo ndefu inayozunguka ndani ya nati kubwa ya madini laini zaidi. Hesi za parafujo na nati hiyo lazima zipakwe grisi. Wachunguzi walipoiopoa parafujo kutoka baharini, hawakukuta grisi yenye kufaa katika sehemu inayofanya kazi. Hesi za nati zilikuwa zimelika kwa takriban asilimia 90 ya unene wake, na zilizobaki zikachanika angani. Ndege ikapoteza mkia wake kiutendaji na kupiga mbizi.

Grisi ilikosekanaje? Si kwamba ilikuwa ghali. Mwaka 1987 kampuni ile ilikuwa ikipaka grisi parafujo hiyo kila baada ya saa 500 za kuruka. Kipindi kikasogezwa mbele, kikasogezwa tena, hadi mwaka 1996 kikawa miezi 8, ambayo kwa matumizi ya ndege zile ilikuwa sawa na saa 2,550 hivi. Kila hatua ilikuwa na hoja yake, na msimamizi wa usafiri wa anga wa Marekani aliridhia. Hakuna mtu aliyeamka siku moja na kusema: leo tunazidisha muda mara tano. Walisogeza kidogokidogo, kama mkulima anayehamisha mpaka wa shamba kwa kulima tuta moja zaidi kila mwaka.

Kuna mambo mengine mawili katika taarifa ya uchunguzi ambayo yanastahili kufundishwa katika kila chuo cha utumishi. La kwanza ni kwamba fundi aliyeipaka grisi parafujo ile kwa mara ya mwisho alikadiria kuwa kazi hiyo huchukua kama saa moja, ilhali mtengenezaji wa ndege alikadiria kuwa ikifanywa ipasavyo huchukua kama saa nne. La pili ni la Septemba 1997. Nati ilipimwa ikakutwa imefika kwenye kikomo cha kulika kinachoruhusiwa, na fundi akaandika ibadilishwe. Zamu nyingine ikapima tena, ikapata vipimo vya chini kidogo, na ndege ikarudishwa kazini. Kila mtumishi wa umma anakijua kipimo cha pili. Ni kile kinachofanywa pale ambapo jibu la kwanza lina gharama.

Baada ya kusema hayo, nakuomba msomaji tushuke kutoka angani hadi Makambako, mji ambao kwa mfumo wetu wa usafirishaji nao ni nati. Hapo ndipo barabara kuu ya Dar es Salaam hadi Tunduma inakutana na ile inayotoka Songea kupitia Njombe, na hapo pana stesheni ya TAZARA. Reli hiyo iliyokabidhiwa Julai 1976, yenye urefu wa kilomita 1,860 na iliyojengwa ibebe tani milioni 2 kwa mwaka, ilishuka hadi chini ya tani laki moja katika mwaka wa fedha 2014/15. Mizigo ilihamia barabarani, kwenye malori. Kwa hiyo usiku na mchana semitrela zinapita Makambako, na kutoka Njombe yanashuka malori ya viazi, mbao, parachichi na majani ya chai.

Katika gereji za kandokando ya barabara pale Makambako, kazi ya kufunga gurudumu la lori nimeiona mara nyingi, na naamini nawe umeiona. Kijana anaweka wili spana kwenye nati, anachomeka bomba refu kwenye mpini, kisha yeye au utingo anapanda juu ya bomba na kurukaruka. Ikilia "kri", imekaza. Kuhusu hesi, mmoja anapaka oili chafu iliyotolewa kwenye injini, mwingine anapaka grisi, wa tatu hapaki kitu na anajivunia usafi wake. Sina nia ya kuwadhihaki. Vijana hawa wana akili na mikono ambayo ningependa wanafunzi wangu wawe nayo. Nasema tu kuwa hawajawahi kupewa spana ya kupimia mkazo, wala hakuna aliyewaambia kuwa namba inayotakiwa hubadilika kulingana na kilichopakwa. Kuna watengenezaji wa malori wanaotaka tone la oili kwenye hesi, na kuna wanaolikataza kabisa. Nati nyingi za magurudumu ya malori makubwa huhitaji nguvu ya kuzungusha ya takriban nyutoni-mita 600 hadi 680, na baada ya gurudumu kufungwa hutakiwa kukazwa upya likishakwenda kilomita 80 hadi 160. Gurudumu lililofungwa Njombe leo asubuhi linapaswa kukaguliwa tena, kwa hesabu hiyo, kabla lori halijaiacha Mafinga mbali nyuma yake. Nani anafanya hivyo? Na gurudumu la lori linapochomoka katika mteremko, halichagui linayempiga.

Tazama sasa jinsi dola yetu inavyolitazama lori lilelile. Gunia la viazi likifungwa lumbesa, Wakala wa Vipimo ana sheria ya kulishika, na afanye hivyo, maana mkulima wa Njombe ameibiwa kwa lumbesa kwa miaka mingi mno. Lori lenyewe likipita Makambako linasimama kwenye mizani, kwa mujibu wa Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya Udhibiti wa Uzito wa Magari ya mwaka 2016. Tunapima gunia. Tunapima lori. Kioo cha mbele kinabandikwa stika ya Wiki ya Nenda kwa Usalama Barabarani. Lakini zile nati kumi za kila gurudumu, zinazobeba gunia, lori, dereva na utingo wake, hazina wa kuzipima.

Najua kuna watakaosema kuwa hii ni anasa, kwamba nchi isiyo na maji ya kutosha vijijini haiwezi kuhangaika na msuguano wa hesi. Hoja hii naiheshimu, kwa sababu huwa inasemwa na watu waliowahi kuandaa bajeti na kukosa fedha. Lakini tuangalie bei. Kilainishi ni miongoni mwa vitu rahisi kuliko vyote katika orodha ya vipuri. Grisi ya safari 261 ilikuwa ya thamani ndogo mno. Kilichokatwa kilikuwa ni muda wa fundi na uzito wa kazi yake katika macho ya mwenye ofisi. Nasi tunakata mlemle. Fungu la matengenezo ndilo la kwanza kupunguzwa katika halmashauri zetu, kwa kuwa halina utepe wa kukatwa wala jiwe la msingi la kuwekwa.

Wengine watasema niiache Makambako, kwa kuwa mwekezaji wa Liganga atakuja na elimu yake. Hapo nawaelekeza Kwale, kwa jirani zetu Wakenya. Mchanga wenye titani ulichimbwa kule kuanzia mwaka 2013, ukapakiwa melini Likoni, na uchimbaji ukafikia kikomo Desemba 2024. Muongo mzima, na kilichovuka bahari kilikuwa mchanga. Tusisahau pia kwamba zaidi ya asilimia 90 ya madini ya titani duniani haiendi kwenye ndege. Huwa unga mweupe wa rangi za nyumba, plastiki na karatasi. Titani ya Liganga, iliyoshikamana na chuma, ina ugumu wake zaidi wa kutenganishwa. Pasipo watu wanaoijua kazi inayofuata baada ya kuchimba, vilima vya Ludewa vinaweza kuishia katika kopo la rangi ya ukuta wa mtu wa mbali. Wapangwa na Wakinga waliyeyusha chuma na kufua majembe katika milima hiyohiyo kabla Mjerumani hajafika. Hawakuwa na tani milioni 126 katika daftari, ila walijua kukigeuza walichokuwa nacho kuwa jembe.

Ninachodai ni kidogo na kinatekelezeka. Mkataba wowote mpya wa Liganga uwe na kifungu kinachomlazimu mwekezaji kuanzisha, hapahapa mkoani, karakana ya kuchonga na kupaka vifungio vyenye hesi, walau vya mashine zake mwenyewe za mgodini, pamoja na maabara ya kupima msuguano wake. Vijana wa VETA na wale wa Chuo cha Taifa cha Usafirishaji wanaosomea matengenezo ya ndege wapitishwe humo. Si lazima tuanze na bolti ya ndege. Bolti ya mtambo wa kusagia mawe ina fizikia ileile, na kosa lake lina msamaha zaidi.

Kwa upande wa barabara, hatuhitaji kungoja mwekezaji. Dereva wa lori akifika mizani ya Makambako tayari amesimama, tayari ameshika nyaraka mkononi, na tayari kuna mtumishi wa serikali mbele yake. Kuna vishale vidogo vya plastiki vinavyovalishwa kwenye nati za magurudumu. Nati ikizunguka hata robo, kishale kinapinda na mtu yeyote mwenye macho anaona. Kanuni moja ya waziri mwenye dhamana inatosha kuvifanya kuwa sharti kwa kila lori linalostahili kupimwa uzito. Chumba kimoja chenye spana mbili za kupimia mkazo, ambazo Shirika la Viwango litazihakiki kila mwaka, kinaweza kujengwa pembeni ya mizani. Kuyazunguka magurudumu ya semitrela kwa miguu, ukitazama vishale, ni kazi ya dakika chache, na foleni ya pale mizani inazitoa dakika hizo bure.